Mbuzi wa Mtoto: Klabu ya Vijana Wafugaji Katika Boma Lenu



Mtoto wa kwetu huanza kazi ya mifugo kabla hajaweza kuhesabu hadi mia. Akiwa na miaka mitano au sita anachunga wanambuzi na wanakondoo kando ya boma. Akikua kidogo anakabidhiwa ndama, na akipata nguvu za miguu anafuata kundi kubwa hadi malisho ya mbali. Kufikia hapo anamjua kila mnyama kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake, na jioni anaweza kusema ni yupi hakurudi hata kabla ya kuhesabu. Mzee akituuliza, "Watoto hawa mnataka kuwafundisha nini tena?" ana haki ya kuuliza.

Jibu letu ni hili. Mtoto huyu anajua kuchunga, lakini hajawahi kuamua. Hajaamua ni mbuzi gani auzwe na yupi abaki, dawa gani inunuliwe na kwa kiasi gani, wala beberu yupi apande. Kazi yake ni kutumwa. Siku atakapokuwa na kundi lake, labda miaka kumi na mitano ijayo, ndipo ataanza kujifunza kuamua, na kosa la wakati huo litakula mifugo ya nyumba nzima. Klabu ya vijana inampa nafasi ya kukosea mapema, kwa mbuzi mmoja, wazazi wakiwa karibu.

Kuna na mtoto wa pili, yule aliye shuleni, hasa shule ya bweni. Huyu anaweza kusoma maandishi yaliyo kwenye chupa ya dawa, lakini akirudi likizo hawajui tena wanyama wa baba yake. Boma moja linaweza kuwa na watoto wote wawili, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akiwa na nusu ya ujuzi. Klabu nzuri ni ile inayowakutanisha.

Wazo hili si geni

Wazee waliosoma zamani wanazikumbuka klabu za 4K katika shule za msingi za Kenya, zilizoanza miaka ya 1960. Herufi hizo ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wanafunzi walilima bustani na kufuga wanyama wadogo kama sungura na kuku, na waliofanya vizuri walionyesha kazi yao mbele ya watu. Baadaye klabu nyingi zilififia, kisha mwaka 2021 serikali ikazizindua upya.

Mzizi wa wazo lenyewe uko Marekani. Mwaka 1902 mkuu mmoja wa shule katika jimbo la Ohio, A. B. Graham, alianza kukutanisha watoto wa wakulima siku za Jumamosi wajifunze kilimo kwa kutenda. Wakati huo watu wazima wengi hawakuamini mbegu na mbinu mpya za wataalamu. Watoto ndio waliokubali kujaribu kwenye vipande vidogo vya shamba, na baba alipoona mahindi ya mwanawe yamepita ya kwake, hakuhitaji hotuba tena. Kutoka kwenye vikundi kama hivyo ikakua 4-H, yaani kichwa, moyo, mikono na afya kwa lugha yao, na hadi leo kijana wa huko hupewa ndama au mwanakondoo wake, akamlisha, akaandika gharama zake, akampeleka kwenye maonyesho.

Tuseme wazi kwamba 4K za shuleni, pamoja na wema wake, mara nyingi hazimfai mtoto wa mfugaji zilivyo. Bustani ya sukuma wiki inataka maji, na kwetu maji hayatoshi hata mifugo. Tena mtoto anayechunga, asiyekwenda shule, haingii kabisa. Kwa hiyo tunapendekeza klabu ya boma: wanachama watoke katika maboma yanayopakana, waliosoma na wasiosoma, na mradi wao uwe mbuzi. Kama shule ya karibu ina 4K, mwalimu wake akaribishwe. Hakuna haja ya kushindana.

Tumechagua mbuzi kwa sababu rahisi. Anabeba mimba miezi mitano tu, anakula majani ya miti pale nyasi zinapoisha, na akifa hasara yake inabebeka. Ng'ombe wa kwanza wa mtoto anaweza kungoja.

Mnyama awe wa mtoto kweli

Hapa ndipo klabu nyingi huvunjika, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Katika kijiji kimoja tulichofanyia kazi, mfadhili alileta mbuzi kumi wa maziwa, wazuri, wenye masikio marefu. Walipewa "klabu", maana yake hawakuwa wa mtu yeyote. Banda lilijengwa karibu na shule, na zamu za kuwalisha zikaandikwa ukutani. Likizo ilipofika, zamu zikavunjika. Mtoto aliyekuwa na zamu Jumanne alidhani wa Jumatatu ameshawapa maji. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamebaki watatu, na hakuna aliyejua hasa wengine walikufa kwa nini, maana hakuna aliyekuwa akiwaangalia mmoja mmoja.

Katika kijiji cha jirani hakukuwa na mfadhili. Wazazi kumi na wawili walikubaliana kila mmoja amtengee mtoto wake mwanambuzi jike mmoja kutoka zizi lake mwenyewe, wa kawaida kabisa. Hapo mambo yalikwenda, mpaka msimu wa kulipa karo ulipofika. Baba mmoja alichukua mbuzi wa binti yake na kumpeleka sokoni bila kusema neno. Binti alirudi kutoka kisimani na kukuta kamba tupu. Hakulia mbele ya watu, lakini hakurudi klabuni tena, na wiki tatu baadaye wenzake wanne wakawa wameacha pia. Walishaelewa kwamba mbuzi ni wao wakati wa kulisha tu.

Yule baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni na alichukua kilicho karibu. Lakini angeweza kumwita binti, akamweleza, wakaenda sokoni pamoja, na fedha ikaandikwa kwenye daftari kama deni la baba. Mbuzi angeondoka vilevile. Klabu ingebaki.

Kwa hiyo kabla mbuzi hajatolewa, wazazi wote wakae chini ya mti mmoja na wakubaliane, mbele ya watoto, juu ya mambo haya. Mnyama yupi, kwa rangi na alama ya sikio. Watoto atakaozaa ni wa nani. Wengine huamua mzao wa kwanza jike ubaki wa mtoto na wa pili urudi kwa zizi la baba, na hilo ni sawa mradi lisemwe mapema. Maziwa ni ya nani. Kwa kawaida yatakuwa ya mama wa nyumba, na ni vizuri mama aulizwe badala ya kupangiwa. Na jambo gumu zaidi: nyumba ikipata shida ya njaa au ugonjwa, mbuzi huyu atauzwaje? Msiandike kwamba hatauzwa kamwe, kwa sababu mtavunja. Andikeni kwamba hatauzwa bila mtoto kuelezwa na kuwapo, na kwamba fedha itaingia kwenye hesabu.

Mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote awe shahidi. Kwa wasichana jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa katika mila za jamii nyingi za wafugaji mnyama wa binti hubaki na ndugu zake wa kiume anapoolewa. Hatutaki kuingilia mila za mtu. Tunaomba tu kwamba swali hilo lijibiwe na wazee siku hiyo, binti akisikia, asije akalijua baadaye.

Watu na siku

Wanachama kumi hadi kumi na watano wanatosha, wa miaka tisa hadi kumi na sita hivi. Wakizidi hapo, nusu yao hawatamgusa mnyama. Kiongozi awe mtu mzima anayeishi hapo hapo: mhudumu wa mifugo wa jamii, mama mfugaji hodari, au moran wa zamani aliyetulia. Afisa wa mifugo wa wadi aalikwe mara moja kwa miezi miwili au mitatu, wala msimngoje yeye ndipo mkutane.

Siku iwe Jumamosi au Jumapili asubuhi na mapema, kabla mifugo haijatoka, kwenye zizi. Saa moja inatosha. Mkiweka mkutano saa nne, wachungaji wote wako malishoni, na mtabaki na wanafunzi peke yao.

Wapangeni wawili wawili, anayesoma na anayechunga. Anayechunga anasema anachokiona kwa mnyama, anayesoma anaandika. Mwanzoni wanafunzi hudhani wao ndio walimu. Mpeni kila mmoja wao kazi ya kutaja mama wa kila mwanambuzi zizini, na dharau hiyo huisha asubuhi moja.

Masomo ya mikono

Msiwafundishe kwa kusimulia. Kila somo liishe mikono ikinuka mbuzi.

Somo la kwanza ni mwanambuzi aliyezaliwa usiku. Hapa ndipo kundi hupoteza wengi, na hapa mtoto ana faida kuliko baba, kwa sababu yeye ndiye anayelala karibu na wanambuzi. Maziwa ya kwanza ya mama, yaani dang'a, ni mazito na ya manjano, na ndani yake mna kinga ambayo mwanambuzi hakuzaliwa nayo. Utumbo wake unaweza kuipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Baada ya saa ishirini na nne mlango umefungwa. Kwa hiyo anyonye ndani ya saa moja au mbili za kwanza, na asivuke saa sita bila kunyonya. Mwanambuzi wa kilo mbili na nusu anahitaji kama robo lita siku ya kwanza, kwa awamu kadhaa. Kwa wanaotupa dang'a wakisema ni uchafu: tafadhali acheni. Mama akifa, kamueni dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo, au hata ya ng'ombe.

Kitovu nacho kichovywe katika tinkcha ya ayodini mara tu anapozaliwa. Kitovu kibichi kikigusa samadi, vijidudu hupanda hadi kwenye viungo, na baada ya wiki utamwona mwanambuzi ana magoti yaliyovimba na hawezi kusimama. Chupa moja ndogo ya ayodini hutosha klabu nzima kwa msimu.

Somo la pili ni kuangalia jicho. Mshike mbuzi, bonyeza kidogo kope ya juu na uvute ya chini, utazame utando wa ndani penye mwanga wa jua. Ukiwa mwekundu kama nyama mbichi, damu ipo. Ukififia na kuwa mweupe kama karatasi, anapungukiwa damu, na mara nyingi mwizi ni mnyoo mwembamba anayekaa tumboni na kufyonza damu hiyo. Uvimbe laini chini ya taya ni dalili ya aina hiyo hiyo. Kupe wengi pia hupunguza damu, kwa hiyo macho yakiwa meupe angalieni na masikio, chini ya mkia na katikati ya kwato. Faida ya somo hili ni kwamba mnampa dawa ya minyoo anayehitaji, badala ya kunywesha zizi lote kila mara na kumaliza fedha.

Somo la tatu ni uzito, na watoto hulipenda kuliko yote kwa sababu lina mashindano. Kila mmoja akisie uzito wa mbuzi, uandikwe, kisha mbuzi apimwe kwa mizani ya kuning'inia, ile wanayotumia wanunuzi, akiwa amewekwa kwenye gunia lililokatwa matundu manne ya miguu. Mara nyingi hata watu wazima hukosea kwa kilo tano au zaidi. Sasa waelezeni kwa nini hilo ni hatari. Dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito. Mbuzi wa kilo 30 akipewa dawa ya kilo 20, minyoo dhaifu hufa na ile sugu hubaki, ikazaa sugu wenzake, na baada ya miaka michache dawa hiyo haifanyi kazi katika zizi lenu. Wengi wanaolalamika kwamba dawa za siku hizi ni maji wangeanza kwa kuuliza walipima vipi. Kweli, sokoni zipo na dawa bandia. Ndiyo sababu mwanachama anayesoma afunzwe kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kuchinja.

Meno nayo yasomwe. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Chini ana manane. Akiwa bado na madogo yote, hajafika mwaka au ndio kwanza anafika. Mawili ya katikati yakiwa makubwa, ana kati ya mwaka na miaka miwili. Manne ni kama miaka miwili, sita ni kama mitatu, manane ni minne au zaidi. Baada ya hapo huanza kuachana na kukatika. Mtoto anayejua hili hatauziwa mbuzi mzee akiambiwa ni mtamba.

Na mgongo: wapapase mifupa nyuma ya mbavu za mwisho. Mifupa ikichoma vidole kama meno ya msumeno, mnyama amekwisha, ikisikika chini ya nyama kidogo, yuko wastani, isiposikika, amenona. Manyoya hudanganya macho, vidole havidanganyiki.

Chakula cha kiangazi

Mradi mmoja ambao klabu inaweza kuufanya bila shilingi ni kukusanya maganda ya mgunga. Huu ni ule mti wenye kichwa kama mwavuli na maganda yaliyojikunja kama skrubu. Wamaasai wanauita oltepesi, Wasamburu ltepes, Waborana dadacha, Waturkana ewoi. Maganda yake yana protini na huanguka wakati nyasi zimekauka. Watoto wayapukuse kwa upembo bila kukata matawi, wayaanike kivulini, wayatie magunia na kuyaweka juu ya vijiti, panya na unyevu visiyafikie. Konzi mbili tatu jioni kwa mbuzi anayenyonyesha huonekana kwenye maziwa baada ya siku chache. Yakitwangwa ni bora zaidi, kwa sababu mbegu ni ngumu na nyingi hupita tumboni nzima.

Mathenge ni habari nyingine. Maganda yake ni matamu na mbuzi huyapenda, lakini akiyala mazima kwa wingi, sukari yake huoza meno, na mbegu husambazwa na samadi hadi mti ukafunga malisho. Watu wa Baringo walifikia kupeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kuonyesha madhara hayo. Penye mathenge, maganda yasagwe mpaka mbegu zivunjike, yachanganywe na chakula kingine, na yasiwe mlo peke yake.

Daftari

Kila mwanachama awe na daftari la kurasa arobaini na nane. Lisiwe na mambo mengi. Tarehe, kilichotokea, kilichotumika, kilichoingia. Mfano: "Machi 4, amezaa, jike mmoja, kilo 2 na nusu, amenyonya kabla ya jua." "Machi 4, ayodini." "Aprili 10, jicho limefifia, dawa ya minyoo, shilingi 60." Asiyejua kuandika achore: mstari mmoja kwa mwanambuzi, duara kwa dawa, msalaba kwa kifo. Tumeona wasichana wawili waliojifunza kuandika kutokana na daftari la mbuzi, kwa kuwa walichoka kumngoja kaka arudi shuleni.

Vifo viandikwe pia, na sababu yake. Mwanachama ambaye mbuzi wake amekufa asichekwe wala asifukuzwe. Mkutano wa wiki hiyo uwe juu ya mbuzi huyo: alianza kuonyesha dalili lini, nani aliona, nini kingefanywa. Hilo ni somo lililogharimu, na hasara kubwa ni kulipoteza bure.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa soko. Kila siku ya mnada, mwanachama mmoja aulize mambo mawili tu: bei ya mbuzi wa wastani, na bei ya kilo moja ya mahindi. Kisha wagawanye. Tuseme mbuzi ni shilingi 4,500 na kilo ya mahindi ni 60. Mbuzi mmoja ananunua kilo 75. Miezi mitatu baadaye, mvua zimekosekana, mbuzi aliyekonda ni 2,000 na mahindi 80; mbuzi yule yule ananunua kilo 25. Mnyama ni mmoja, lakini amepoteza kilo 50 za mahindi bila kufa.

Kumbukeni ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wengi wetu tulingoja. Tulisema mvua itakuja mwezi ujao, na wale tuliokataa kuwauza wakiwa na nyama tuliwavuta kwa miguu nje ya zizi. Kijana mwenye ukurasa wa soko ataiona namba ikishuka wiki hadi wiki. Basi klabu iulize mapema, mwishoni mwa mvua, kila mwenye mbuzi aseme: yupi atabaki na yupi ataondoka kabla ya kukonda? Kwa kawaida madume yaliyokomaa na majike yanayotupa mimba au wazee wa meno hutangulia; mitamba na mama wazuri hubaki. Mtoto akiamua vibaya, mwacheni aamue. Amepoteza mbuzi mmoja na amepata jicho.

Mipaka ya watoto

Kuna kazi za klabu na kuna kazi za watu wazima. Sindano, dawa ya kuogesha kupe na kuhasi ni za mtu mzima aliyefunzwa. Mtoto ashike mnyama na atazame. Chanjo ni kazi ya watu wa mifugo. Klabu inachoweza kufanya ni kutangaza siku ya chanjo, kuhesabu mbuzi wa kila boma na kuwafikisha mapema, hasa kwa sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu ya mbuzi, ambazo zikiingia hazichagui zizi la maskini wala la tajiri.

Mbuzi akitupa mimba, watoto wasiguse, na msichana au mama mjamzito asikaribie kabisa. Mtu mzima afunike mikono kwa mifuko ya nailoni, azike kila kitu kwa kina au achome, mbwa wasifukue. Magonjwa kadhaa yanayosababisha hali hiyo humwingia binadamu, mojawapo brusela, inayoleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo. Mbuzi wengi wakitupa mimba kwa pamoja baada ya mvua kubwa, mjulisheni afisa wa mifugo siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa. Maziwa yachemshwe. Tunajua wengi mnayapenda mabichi, na hatutachoka kusema.

Mbwa wachanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa. Mkichinja na kukuta malengelenge ya maji kwenye ini au mapafu, msimtupie mbwa. Zikeni au chomeni. Ndani yake mna tegu anayekua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake hushika kwenye manyoya, na mtoto anayecheza na mbwa huyo na kula bila kunawa huyameza. Uvimbe wa maji ukiota ndani ya mtu huchukua miaka mingi na huishia kwenye upasuaji. Turkana inaujua ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi duniani.

Mkutano wa kwanza

Jumamosi ijayo, jua likichomoza, wazazi walio tayari walete watoto na wanambuzi jike waliokwisha kuachishwa, wa miezi minne au mitano, kwenye zizi moja mlilokubaliana. Leteni kamba, mizani ikiwapo, madaftari na kalamu mbili tatu. Wazazi wazungumze kwanza kuhusu umiliki, mpaka kila mtu ameridhika. Hata kama asubuhi yote itaishia hapo, haijapotea. Shahidi arudie makubaliano kwa sauti.

Kisha kila mtoto amshike mbuzi wake, amtazame jicho na meno, apapase mgongo, akisie uzito, apime. Mwenzake aandike. Jina la mbuzi liwe juu ya ukurasa wa kwanza, na jina la mwenyewe chini yake, kwa mkono wake mwenyewe au kwa dole gumba.

Baada ya hapo fungueni zizi, mifugo iende malishoni.